SOMO LA KIINGEREZA: NENO "THE" NA MAJINA YA PEKEE



Somo letu la leo ni juu ya neno dogo sana la Kiingereza, neno "the". Wengi wetu tunalidharau kwa sababu ya udogo wake. Lakini kila mmoja wetu anajua kwamba changarawe iliyoingia ndani ya buti humsumbua mtu kuliko jabali lililo kando ya barabara. Kwa hiyo kabla ya kuingia katika kanuni, hatuna budi kueleza kwa nini tumelichagua neno hili.

Wakati mmoja wenzetu 12 wa mahali fulani pa kazi, ambapo hatutapataja, walituomba tuwasaidie kumwandikia barua mwajiri wao. Wafanyakazi wote wa Sehemu B walikuwa wakifanya kazi wamesimama katika maji bila mabuti. Sisi tukakaa jioni moja, tukaandika hivi:

Workers of the Section B have no boots.

Tulidhani tumesema kwamba wafanyakazi wa Sehemu B, yaani wote, hawana mabuti. Baada ya majuma mawili mabuti yakaletwa: jozi 12, kwa ajili ya wale 12 waliotia sahihi. Tulipouliza tukajibiwa kwamba barua ilisema "workers", maana yake wafanyakazi fulani tu, na waliojulikana ni wale ambao majina yao yalikuwa chini ya barua. Wenzao wakaendelea kusimama majini.

Hatusemi kwamba kosa lote lilikuwa la neno moja. Tungaliweza kutaja idadi ya watu wote, nasi hatukuitaja. Lakini ukiitazama sentensi ile utaona kwamba tulifanya makosa mawili kwa pamoja: tuliliacha neno "the" pale lilipotakiwa, na tukalitia pale lisipotakiwa. Mwenye nia ya kutoa kidogo alikuta mlango umeachwa wazi, akapita. Somo hili ni la kuufunga mlango huo.

1. "THE" NI NENO LA AINA GANI?

Kiswahili hakina neno kama "the". Tukisema "kitabu", msikilizaji hutambua kutokana na mazungumzo kama ni kitabu chochote au kitabu tunachokijua sote. Tukitaka kuonyesha kwamba tunacho kitu maalumu katika fikira zetu, husema "kile kitabu", au "yule bwana". Kinyarwanda nacho hufanya vivyo hivyo: "wa mugabo" ni yule bwana ambaye tumekwisha kumtaja.

Neno "the" la Kiingereza ni kama kidole kinachoonyesha. Maana yake ni: "kile ambacho wewe na mimi tunakijua". Ukisema "a basket", ni kikapu kimoja, chochote. Ukisema "the basket", ni kile kikapu tunachokijua.

Sasa fikiri. Jina la pekee, kama Mahoko, au Kivu, au Mukamana, tayari linaonyesha kitu kimoja tu. Je, jina kama hilo lahitaji kidole tena? Kwa kawaida halihitaji. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza, nayo ni mama wa kanuni zote:

JINA LA PEKEE LINALOSIMAMA LENYEWE HALICHUKUI "THE".

Kanuni ya pili ni hii. Majina mengine ya pekee yameundwa kwa maneno ya kawaida: jamhuri, chuo, wizara, jumuiya, muungano. Maneno hayo ni ya kila mtu. Jamhuri ni nyingi, wizara ni nyingi. Kwa hiyo kidole chahitajika ili kuonyesha ni ipi:

JINA LA PEKEE LILILOJENGWA KWA MANENO YA KAWAIDA MARA NYINGI HUCHUKUA "THE".

Tukizishika hizi mbili tumekwisha kuvuka nusu ya safari. Nusu iliyobaki ni mazoea ya lugha, ambayo hayana budi kukaririwa.

2. KWA NINI SISI WA HUKU TUNAKOSEA ZAIDI?

Hapa Mahoko, katika Wilaya ya Rubavu ambayo zamani ilikuwa sehemu ya mkoa wa Gisenyi, tunaishi kati ya lugha nne. Nyumbani ni Kinyarwanda. Sokoni, na kwa jirani zetu wa Goma ng'ambo ya mpaka, ni Kiswahili. Shuleni, wale waliosoma zamani walifundishwa Kifaransa. Kisha Rwanda ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007; mwaka 2008 Serikali ikaamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia shuleni; na mwaka 2009 nchi ikaingia katika Jumuiya ya Madola. Tangu hapo karatasi za kazi zimezidi kuandikwa kwa Kiingereza. Mzee aliyesoma Kifaransa na kijana aliyesoma Kiingereza wanasimama kwenye mstari mmoja wa kazi, na mkataba uko mbele yao wote wawili.

Shida yetu yatokana na Kifaransa. Kifaransa hupenda kuweka "le" au "la" mbele ya majina ambayo Kiingereza huyaacha peke yake. Mfaransa husema "le Rwanda", "le lac Kivu", "le président Nyerere", "l'article 5". Mwenye kuigeuza kila "le" kuwa "the" huandika "the Rwanda", "the Lake Kivu", "the President Nyerere", "the article 5". Yote manne ni makosa katika Kiingereza. Ndiyo sababu sisi tuliandika "the Section B" katika barua ya mabuti: tulifikiri kwa Kifaransa, tukaandika kwa Kiingereza.

Kwa upande mwingine, yule anayefikiri kwa Kiswahili au Kinyarwanda huliacha neno "the" kila mahali, kwa sababu lugha hizi hazina neno hilo. Ndiyo sababu tuliandika "workers" badala ya "the workers". Kila mmoja na ajichunguze: je, mimi ni wa kuzidisha au wa kupunguza?

3. MAJINA YA WATU NA VYEO

Jina la mtu halichukui "the". Tunasema:

Mukamana is absent today. – Mukamana hayupo leo.
Habimana works at night. – Habimana anafanya kazi usiku.

Cheo kikiwa pamoja na jina la mtu, bado hakuna "the":

President Nyerere, Doctor Mugabo, Mr. Habimana.

Lakini cheo kikisimama peke yake, bila jina, ni neno la kawaida, na kidole chahitajika:

the President, the Doctor, the Director, the Foreman.

Angalia kosa moja linaloonekana katika barua nyingi za huku. Kifaransa husema "Monsieur le Directeur", nasi tunaandika "Mr. the Director". Kiingereza hakina msemo huo. Juu ya barua andika "To the Director", kisha anza barua kwa "Dear Sir", au "Dear Madam" kama ni mama.

Kuna mahali pawili hasa ambapo jina la mtu huchukua "the". Kwanza, ukitaja jamaa nzima kwa wingi: "the Habimanas", yaani akina Habimana, wa nyumba ile. Pili, ukitaka kutofautisha watu wawili wa jina moja:

The Mukamana who sorts the tea is my sister. The Mukamana who plucks is my neighbour.

Yaani, Mukamana yule anayechambua chai ni dada yangu, na Mukamana yule anayechuma ni jirani yangu. Jina limekuwa la watu wawili, kwa hiyo kidole kimerudi. Jambo hili si dogo katika orodha ya mishahara, ambamo majina hufanana mara nyingi.

4. MAJINA YA NCHI

Nchi nyingi hazichukui "the": Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya, Tanzania, Ethiopia. Usidanganywe na "le Rwanda" ya Kifaransa.

Nchi huchukua "the" ikiwa jina lake lina neno la kawaida, kama jamhuri, ufalme au muungano:

the Republic of Rwanda
the United Republic of Tanzania
the United Kingdom – Uingereza
the United States of America – Marekani

Tena huchukua "the" ikiwa jina lake ni la wingi: the Netherlands – Uholanzi; the Philippines – Ufilipino; the Comoros – visiwa vya Ngazija na vyenzake.

Jirani yetu wa karibu ana jina la kuzingatiwa. Jina lake rasmi ni "the Democratic Republic of the Congo", na ndani yake mna "the" mara mbili. Ya kwanza ni kwa sababu ya neno jamhuri. Ya pili ni kwa sababu nchi ilipewa jina la mto, na mito, kama tutakavyoona, huchukua "the". Gambia vilevile ni jina la mto, na nchi hiyo huandikwa "The Gambia" hata leo.

Mazoea haya hubadilika pamoja na siasa. Vitabu vya zamani viliandika "the Ukraine". Baada ya nchi hiyo kupata uhuru mwaka 1991, wenyewe walipinga, kwa kuwa "the" ile iliwafanya waonekane kuwa sehemu ya nchi nyingine tu. Siku hizi huandikwa "Ukraine" peke yake. Basi tuone kwamba si wafanyakazi peke yao waliopata hasara kwa neno hili. Mataifa nayo yameligombania.

5. MIJI, WILAYA NA SEHEMU

Mji haupewi "the": Mahoko, Gisenyi, Musanze, Kigali, Nairobi, Dar es Salaam. Mji mmoja unaojulikana sana kwa kuvunja kanuni ni The Hague, huko Uholanzi.

Wilaya na tarafa hutegemea jinsi unavyopanga maneno. Jina likitangulia, hakuna "the". Neno la kawaida likitangulia na kufuatwa na "of", "the" huja:

Rubavu District – lakini – the District of Rubavu
Kanama Sector – lakini – the Sector of Kanama
Nyundo Cathedral – lakini – the Cathedral of Nyundo
Makerere University – lakini – the University of Rwanda

Shika sana neno "of". Ukiliona katikati ya jina, angalia mbele yake. Mara nyingi utakuta "the" imesimama mlangoni.

Kitu kilichopewa namba au herufi hakichukui "the" hata kidogo:

Section B, Gate 2, Room 7, Line 4, Article 5, Page 3.

Namba yenyewe ndiyo kidole. Kwa hiyo ukidai haki yako andika "according to Article 5 of the contract", usiandike "the Article 5". Tazama vizuri: Article 5 haina "the", lakini mkataba, ambao hauna namba, unayo.

Na lugha je? Lugha pia hazichukui: "I speak Kinyarwanda", "She writes English". Siku na miezi vilevile: "on Monday", "in May". Sikukuu ya wafanyakazi ni "Labour Day", bila "the".

6. MAJI NA MILIMA

Hapa yafaa kukariri, lakini tuna bahati, kwa sababu baadhi ya mifano tunaiona kwa macho yetu huku kwetu.

Mto huchukua "the": the Sebeya, the Nile, the Akagera, the Congo. Waweza pia kuandika "the Sebeya River" au "the River Sebeya".

Bahari huchukua "the": the Indian Ocean, the Red Sea.

Ziwa moja halichukui: Lake Kivu, Lake Victoria, Lake Tanganyika. Lakini maziwa yakitajwa kwa pamoja huchukua: the Great Lakes.

Mlima mmoja hauchukui: Mount Nyiragongo, Mount Karisimbi, Kilimanjaro. Lakini safu ya milima huchukua: the Virunga Mountains, au kwa kifupi the Virungas.

Kisiwa kimoja hakichukui: Idjwi, Zanzibar, Pemba. Visiwa vingi kwa pamoja huchukua: the Comoros.

Kwa hiyo kwa milima, maziwa na visiwa kanuni ni rahisi: kimoja husimama peke yake, vingi huchukua "the". Mto na bahari huchukua sikuzote.

Tunayo sababu ya kuukumbuka mto kuliko vyote. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ziliua watu zaidi ya 130 katika nchi yetu, na Sebeya ilifurika ikaingia katika nyumba za watu. Mwenye kuandika maombi ya msaada au taarifa ya kukosa kazi siku hizo angeandika:

In May 2023 the Sebeya flooded our houses.

Sebeya ya mto ni "the Sebeya". Bila "the", mtu wa mbali asiyepajua kwetu aweza kudhani Sebeya ni jina la mtu au la kijiji.

7. VIWANDA, BENKI, OFISI NA VYAMA

Jina la kampuni kwa kawaida halichukui "the". Kiwanda cha bia kilichoko Gisenyi tangu mwaka 1957 huitwa Bralirwa, basi. Kampuni ya chai ya Pfunda huitwa Pfunda Tea Company. Lakini ukikitaja kiwanda chenyewe kwa maneno ya kawaida, kidole hurudi: the tea factory at Pfunda, the brewery at Gisenyi.

Mashirika ya umma na ya mataifa, kwa kuwa yamejengwa kwa maneno ya kawaida, huchukua "the":

the Ministry of Public Service and Labour – Wizara ya Utumishi wa Umma na Kazi
the Rwanda Social Security Board – shirika la hifadhi ya jamii
the National Bank of Rwanda – Benki Kuu ya Rwanda
the East African Community – Jumuiya ya Afrika Mashariki
the International Labour Organization – Shirika la Kazi Duniani, lililoanzishwa mwaka 1919

Lakini benki ya biashara yaweza kujiita itakavyo. Bank of Kigali hujiandika bila "the", ingawa ina "of". Jina la biashara ni mali ya mwenye biashara; likopi kama lilivyo katika karatasi zao.

Majina yaliyofupishwa yana kanuni yake. Yakisomwa herufi moja moja, mara nyingi huchukua "the": the ILO, the UN. Yakisomwa kama neno zima, hayachukui: UNESCO, UNICEF, CESTRAR.

Magazeti mengine yana "The" ndani ya jina lenyewe, nayo huandikwa kwa herufi kubwa: The New Times la Kigali ni mfano.

Tahadhari moja: usijifunze neno hili kutoka kwenye vibao vya barabarani wala vichwa vya habari vya magazeti. Huko maneno mafupi huachwa ili kubana nafasi. Jifunze kutoka katika habari yenyewe iliyo chini ya kichwa.

8. MKATABA WA KAZI

Ndugu wasomaji, sasa tumefika penye kiini cha somo. Katika mkataba wa kazi neno la kawaida hugeuzwa kuwa jina la pekee. Juu kabisa ya mkataba hutajwa jina la kampuni, kisha husemwa kwamba tangu hapo itaitwa "the Employer", yaani Mwajiri. Nawe hutajwa jina lako, kisha husemwa kwamba utaitwa "the Employee", yaani Mwajiriwa. Mahali pa kazi hutajwa, na kuitwa "the Factory" au "the Estate", yaani Kiwanda au Shamba.

Tangu mstari huo, kila utakapoona "the" pamoja na herufi kubwa, jua kwamba kidole kinaonyesha nyuma, kwenye mstari ule wa juu. "The Employer" si mwajiri yeyote. Ni yule yule aliyetajwa. Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya ni kurudi juu na kutazama aliyetajwa ni nani.

Sasa tulinganishe sentensi tatu:

(a) The Employee shall work at the Factory.
(b) The Employee shall work at a factory of the Employer.
(c) The Employee shall work at any factory of the Employer.

Sentensi ya (a) yasema utafanya kazi katika Kiwanda kile kilichotajwa juu. Sentensi ya (b) yasema katika kiwanda kimojawapo cha Mwajiri, wala haisemi ni kipi. Sentensi ya (c) yasema waziwazi: kiwanda chochote. Mfanyakazi mwenye nyumba na watoto Mahoko, akitia sahihi ya (b) au (c), asishangae siku akiambiwa ahamie mbali. Tofauti ni ya neno moja fupi, lakini yaweza kumvusha mtu milima.

Linganisha tena:

(a) The Employer shall provide the tools.
(b) The Employer shall provide tools.

Ya kwanza yazungumzia vifaa vile vinavyojulikana. Basi tafuta orodha yake katika mkataba, na kama haimo, uliza iko wapi. Ya pili yasema vifaa tu, bila kusema vipi wala vingapi.

Sheria ya kazi inayotumika nchini ni Sheria Namba 66 ya mwaka 2018, iliyotolewa tarehe 30 Agosti 2018. Imechapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Hii ni nafasi nzuri ya kujisomesha: chukua kifungu kimoja, usome Kinyarwanda kwanza, kisha uweke kidole chako juu ya kila "the" katika Kiingereza, ujiulize inaonyesha nini. Na kabla ya kutia sahihi karatasi usiyoielewa, mwonyeshe mjumbe wa wafanyakazi. Kuuliza si aibu. Aibu ni kujifanya umeelewa.

9. TURUDI KWENYE BARUA YA MABUTI

Barua ya pili tuliiandika hivi:

To the Director.
Dear Sir,
The workers of Section B have no boots. We are 64 in number. The names are on the list attached.

Tazama kazi iliyofanywa na kila neno. "The Director" ina "the" kwa sababu ni cheo bila jina. "The workers" ina "the" kwa sababu tunawataja wote wa sehemu hiyo. "Section B" haina "the" kwa sababu ina herufi. Tena tuliongeza idadi na orodha, kwa kuwa sarufi peke yake haitoshi. Hesabu ni shahidi wake. Safari hii yaliletwa mabuti ya watu wote.

ZOEZI

Andika sentensi hizi katika daftari lako. Mahali penye mstari tia "the" kama yatakiwa. Kama haitakiwi, acha wazi. Usitazame majibu kabla ya kumaliza. Ni vizuri kufanya zoezi hili watu wawili wawili wakati wa mapumziko, mmoja akisoma na mwenzake akijibu.

1. ___ Rwanda joined ___ East African Community in 2007.
2. ___ Sebeya flows into ___ Lake Kivu.
3. Our committee meets in ___ Rubavu District.
4. ___ Mount Nyiragongo is one of ___ Virunga Mountains.
5. ___ Republic of Rwanda has a border with ___ Democratic Republic of ___ Congo.
6. Read ___ Article 5 of ___ contract.
7. He works at ___ University of Rwanda. She studied at ___ Makerere University.
8. My mother speaks ___ Kinyarwanda and ___ French.
9. ___ Employee shall receive a copy of this contract.
10. ___ workers of ___ Section B thank ___ Committee.

MAJIBU

1. wazi, the. 2. The, the haitakiwi kwa ziwa. 3. wazi. 4. wazi, the. 5. The, the, the. 6. wazi, the. 7. the; wazi. 8. wazi, wazi. 9. The. 10. The, wazi, the.

Ukipata sentensi 8 au zaidi, umelielewa somo, mfundishe mwenzako. Ukipata chini ya 5, rudia sehemu ya kwanza na ya tano, halafu ujaribu tena baada ya siku mbili. Hata sisi tunaoandika somo hili tulilipa ada yetu kwa jozi 52 za mabuti zilizochelewa.

Kwa kumaliza, jikumbushe maswali matatu kila unapotaka kuandika jina la pekee kwa Kiingereza: Je, jina hili lasimama lenyewe, au limejengwa kwa maneno ya kawaida? Je, ni moja au ni mengi? Je, lina namba au herufi yake? Ukiyajibu hayo, kalamu yako haitatetemeka mbele ya neno hili.

 Umoja ni nguvu.